RISALA YA KIKUNDI CHA UTUNZAJI WA BWAWA LA HOMBOLO KWA MGENI RASMI, KILELE CHA WIKI YA MAJI

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Viongozi wa mitaa, wazee wetu, wafugaji, wavuvi, wakulima wa zabibu na wananchi wote,

Mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa mvua za msimu huu na kwa kukufikisha salama. Tunajua majukumu yako ni mengi. Umetuheshimu sana kwa kukubali kushuka kwanza hadi ukingoni, ukajionea mwenyewe kabla ya kuketi chini ya turubai.

Ndugu Mgeni Rasmi, bwawa hili lilijengwa mwaka 1957, na wengi wetu tumezaliwa tukalikuta. Linatupa perege na kambare, linanywesha mifugo na bustani. Kikundi chetu kilianzishwa baada ya kuona tope linajaa, maji yanazidi chumvi na nyumba zinasogea ukingoni.

Mafanikio ni makubwa. Tumepanda mkonge na mabingobingo kwenye makorongo yanayoshusha tope. Uvuvi wa makokoro tumeupunguza kwa kiasi kikubwa. Akina mama wamekubali kufulia mbali na maji. Aidha, kikundi kina mfumo wake wa takwimu: nguzo iliyochorwa mistari kwa rangi, na daftari ambalo Katibu hujaza kina cha maji kila Jumatatu.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto ni nyingi, ila kikao kimeazimia tusizitaje zote, kwa kuwa risala zilizopita zilizitaja zote na hakuna hata moja iliyoshughulikiwa. Leo tuna ombi moja: birika la kunyweshea mifugo, nje ya mita 60 kutoka ukingoni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita hizo 60. Wafugaji wetu wanaifahamu. Lakini ng'ombe mwenye kiu mwezi wa Oktoba, pasipo maji mengine ya karibu, utamzuia kwa maneno gani? Anaingia majini hadi tumboni. Kwato zinabomoa ukingo, mabingobingo tuliyopanda yanaliwa yakiwa machanga, na kinyesi kinabaki humo humo. Umeona mwenyewe zile nyayo zilizojaa maji ya kijani. Kijani kile ni mwani unaonawiri kwa samadi. Ukizidi, usiku unamaliza hewa majini, na alfajiri wavuvi wanawakuta perege wakihema juu juu. Vijana wanaochunga nao wanasimama magotini kwenye majani yenye konokono wa kichocho. Hapa Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu, na jua linakausha maji mengi kuliko yanayonyesha. Uchafu na chumvi vinabaki, maji ndiyo yanayoondoka.

Wazee wanakumbuka mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, na jinsi mifugo ilivyoondolewa Kondoa mwaka 1979 ili ardhi ipone. Sisi hatuombi mifugo iondolewe. Ng'ombe ndiyo mahari, ndiyo ada ya shule, ndiyo matibabu. Tunaomba wapewe pa kunywea.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja alituahidi birika hili hapa hapa, tukampigia makofi. Aliyemfuata akasema limeshaingia kwenye bajeti, tuandae eneo. Tukaliandaa. Mzee wetu mmoja alitoa sehemu ya shamba lake bila kudai fidia, wananchi wakasomba mawe na mchanga kwa vichwa na mikokoteni. Mawe hayo umeyapita ulipokuwa unakuja, yameshaota majani. Mchanga umezolewa na mvua na kuishia bwawani. Barua zetu zina mihuri ya kupokelewa, majibu hatuna. Mzee yule akituuliza katika kikao, tunainamisha vichwa.

Hatusemi haya kukulaumu wewe, ambaye hukuwepo. Tunayasema kwa sababu inazidi kuwa vigumu kuwaita watu kwenye kazi za kujitolea.

Tunachohitaji ni pampu ya sola, tangi, bomba, saruji ya birika refu, na vigingi vya kuonyesha mpaka wa mita 60. Nguvu kazi ni yetu. Wafugaji wameridhia kuchangia kwa kila ng'ombe fedha ya matengenezo, na majina yao tumeyaambatisha pamoja na sahihi. Birika likikamilika, sisi wenyewe tutasimamia mpaka huo, na atakayeingiza mifugo bwawani hatatuambia tena kwamba hana pa kwenda.

Ndugu Mgeni Rasmi, makofi tutakupigia kwa moyo wote. Tunakuomba tu, kabla hujaondoka, ututajie mwezi ambao fundi atakuja kupima eneo, na mtumishi ambaye tutamfuata ofisini mwezi huo ukipita. Katibu ameshika daftari, yuko tayari kuandika.

Naomba kuwasilisha.