Mpwa wangu, jibini ibaki

Mpwa wangu,

Nimekupigia simu mara tatu tangu Jumapili, hushiki. Nimekuandikia WhatsApp, tiki mbili zikageuka buluu, kisha kimya kama cha Mji wa Kale hapa Mombasa saa nane mchana. Lakini najua mtandaoni hupitishi siku bila kusomasoma, kwa hivyo barua yako naiweka hapa kila mtu aione. Jina lako nimelificha kwa heshima ya mamako tu.

Yeye ndiye aliyeniambia. Umepimwa presha, imepatikana iko juu, na tangu siku hiyo unakula kabichi ya kuchemsha huku uso umeukunja kama mtu aliyefiwa. Ati umetangaza mbele ya watu, "Mimi na baga basi." Ijumaa wenzako wakatoka, wewe ukabaki na matango yako. Halafu Jumatatu mamako anaingia garini mwako, chini ya kiti anakuta karatasi imelowa mafuta na kipakiti cha tomato sosi.

Sikucheki. Mwaka niliostaafu bandarini presha yangu nayo ilipanda, nikaapa nyama nyekundu siigusi tena. Kiapo kilidumu siku 11. Kwa hivyo hapa sikuandikii udaktari. Daktari unaye, na vidonge alivyokupa umeze kama alivyokwambia, upishi wangu usiwe kisingizio. Nakuandikia namna ya kula baga yenye jibini, Ijumaa moja moja, nyumbani, bila kujificha garini.

Kwanza umemlaumu asiye na makosa makubwa. Umelaumu nyama na jibini ukasahau chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na hizo ni kijiko cha chai kisichojaa. Sasa itazame baga yako ya kibandani. Chumvi imo kwenye mkate, imo ndani ya nyama, imo kwenye jibini, imo kwenye sosi, imo kwenye yale matango ya siki. Halafu zinakuja chipsi, na yule kijana anazinyunyizia kwa mkono ulioinuliwa juu, kama anayelisha kuku. Hapo hujala chakula cha usiku bado.

Ukipika mwenyewe, mkono wa chumvi ni wako. Faida kubwa ya baga ya nyumbani ni hiyo, mengine yanafuata.

Nyama. Usinunue kima iliyokwisha kusagwa ikakaa kwenye kioo, hujui imesagwa na nini. Nenda bucha asubuhi kabla jua halijapanda, useme unataka steki nusu kilo isiyo na mafuta. Muuzaji atakata vizuri, kisha mkono wake utateleza kuelekea ule upande wa mafuta ili mzani ukamilike. Mkono huo uangalie. Mwambie, "Hicho kirudishe, ndugu yangu, ongeza steki." Wangu hucheka na kusema wazee wa bandarini wamezoea kuhesabu mizigo. Kisha aisage mbele yako, mara moja tu, isije ikawa uji. Tofauti si ndogo: gramu 100 za kima mbichi yenye mafuta asilimia 20 zina kalori 254 hivi, na yenye asilimia 10 zina 176. Umepunguza mafuta nusu na bado hujaacha kitu.

Ila hapa ndipo nilipoanguka mimi. Mara ya kwanza nilichukua steki kavu, haina hata uzi wa mafuta, nikaifinyanga vile vile, nikaiweka motoni nikaiacha mpaka nafsi yangu iridhike. Mkaza mjombako akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaniuliza, "Hii ni ya mguu wa kulia au wa kushoto?"

Nyama isiyo na mafuta inahitaji kitu cha kushika maji. Wengine hutia mkate uliorowekwa, wengine uyoga. Mimi baada ya kuhangaika nimetulia kwenye pojo, zile wengine huziita choroko. Zichemshe bila chumvi mpaka zipondeke, zichuje, uzirudishe kwenye sufuria juu ya moto mdogo zikauke, kisha uziponde. Kikombe cha chai kimoja kwa nusu kilo ya nyama, usizidishe. Mara ya pili nilizidisha, nikitafuta afya kwa pupa, zikavunjika zote kwenye chuma tukazila na wali. Zilikuwa tamu, lakini baga hazikuwa. Kikombe kimoja kinatosha: nyama inabaki laini, unaongeza nyuzinyuzi ambazo tumbo lako la ofisini linazililia, na nusu kilo inatoa kababu tano kubwa badala ya nne. Watoto hawajajua mpaka leo.

Viungo mwaga bila woga, maana ndivyo vitakavyofanya kazi iliyokuwa ya chumvi. Thomu punje tatu, tangawizi kidogo, kitunguu kimoja kilichokunwa na kukamuliwa maji, pilipili manga, bizari nyembamba uliyoikaanga kavu na kuitwanga papo hapo, na dania mkono mmoja. Bizari ya soko la Marikiti ya juzi ni tofauti kabisa na ile ya pakiti iliyokaa kabatini tangu Ramadhani, usinibishie. Chumvi usiitie humo. Ikikorogwa ndani ya kima, protini za nyama zinashikana na kababu inakuwa ya kurukaruka mdomoni kama soseji. Ingoje. Utainyunyiza juu wakati kababu inaenda motoni, nusu kijiko cha chai kwa zote tano, na ulimi utakutana nayo mwanzo kabisa. Kidogo kikikaa nje kinasikika kuliko kingi kilichofichwa ndani.

Finyanga kwa mkono mwepesi, upana uzidi mkate kidogo kwa sababu itanywea, na katikati bonyeza kishimo kwa kidole gumba isije ikavimba kama kofia. Halafu ziweke kwenye friji nusu saa. Kwa joto letu hili nyama ikikaa mezani inalegea, na haifai kukaa nje hata kwa usalama wake. Stima ikikatika, pika mara moja.

(Bibiyo, Mungu amrehemu, hakuionja baga hata siku moja. Alisikia "ham" kwenye hamburger akasema hapa kuna nguruwe, basi. Tulimweleza kwamba jina limetokana na mji wa Hamburg kule Ujerumani na nguruwe hayumo. Akajibu kwamba hata huo mji haujui.)

Mimi hupikia juu ya chuma cha chapati. Si kile cha zamani kizito, hicho tutakizungumza. Kipashe mpaka tone la maji liruke juu yake, paka mafuta kwa kitambaa, usimimine, kisha weka kababu na uziache. Uziache, nimesema. Nakujua wewe, utachukua mwiko uanze kuzikandamiza usikie zinavyolia. Kile kinacholia ndicho ulichokuwa unatafuta kula. Dakika nne hivi upande mmoja mpaka zipate rangi ya kahawia iliyokolea, geuza mara moja, dakika nne tena.

Na ziive hasa. Usiniletee mambo ya kuona video za Marekani, nyama nyekundu katikati. Kipande kizima cha steki vijidudu vyake hukaa juu, na moto unavimaliza. Ukishasaga, vya juu umeviingiza ndani. Kima inatakiwa ifike digrii 71 katikati. Nilinunua kipimajoto kidogo cha jikoni kwa ajili hiyo, watu wa nyumbani wakanicheka kwamba nampima kababu homa. Sasa wao ndio wanakitafuta wakichoma kuku.

Haya, jibini, au chizi kama mnavyosema vijana, mtu asije akadhani ni yule wa kuzungumza peke yake barabarani. Hukumu yangu ni kwamba ibaki. Nimejaribu baga bila jibini, nikala, nikashiba, na baada ya saa moja nikawa natafuta kitu nisichokijua. Ukijinyima moyo wa chakula utarudi kibandani Alhamisi. Lakini kipande cha gramu 28 cha cheda kina kalori zinazokaribia 115, na chumvi yake ipo. Kwa hivyo fanya hivi: nunua cheda iliyokomaa, ile inayowasha ulimi pembeni, uikune kwenye kikuno chenye matundu madogo. Gramu 15 zilizokunwa zinafunika kababu nzima, na ukali wake unatosha. Vile vipande laini vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye nailoni vinayeyuka vizuri, sikatai, ila kwa kawaida chumvi yake ni nyingi zaidi. Ukishageuza kababu na imebaki dakika moja, mwaga jibini juu, dondoshea chuma matone mawili ya maji pembeni, funika kwa kifuniko cha sufuria. Ukifunua utaona imetandaza na kuteremka kingoni, inang'aa. Tazama kidogo kabla hujala.

Mayonezi achana nayo. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 90 hivi, karibu zote mafuta, na kule kibandani hawakutilii kijiko kimoja. Chukua mtindi usio na sukari, uufunge kwenye kitambaa cheupe safi, uuning'inize ndani ya friji usiku kucha juu ya bakuli. Asubuhi maji yote yameshuka, umebaki na kitu kizito. Kitie thomu iliyopondwa, ndimu, na kijiko cha ukwaju mzito. Kwa ukwaju huo hutaulizia tomato sosi, ambayo nayo ina sukari yake na chumvi yake.

Mkate sina mengi. Skonzi ya unga wa atta, ndogo, ipashwe kwenye chuma upande wa ndani. Ukiwa na muda na hamira ujiokee, nusu atta nusu unga mweupe. Nduguyo mmoja, simtaji, aliwahi kuitia baga yangu ndani ya hamri. Mahamri yana mbaazi zake, na yamekwisha kuogelea kwenye mafuta, tusiyaongezee mzigo.

Juu weka kachumbari nyingi kuliko aibu inavyoruhusu. Tungule, kitunguu, tango, pilipili mbichi, na msimu ukiwepo embe bichi iliyokatwa nyembamba kama njiti. Ndimu tu, bila chumvi. Hilo embe ndilo lililochukua nafasi ya matango ya siki, na sidhani nitarudi nyuma. Achari usiiweke, najua unaipenda. Ni chumvi tupu.

Pembeni usikaange chipsi. Choma muhogo kwenye seredani, uupasue, uutie ndimu na pilipili kama ule wa kule ufukweni Mama Ngina tunaokula jioni tukitazama meli zinaingia bandari ya Kilindini. Muuzaji wa kule ana chumvi ndani ya pilipili yake. Wewe tengeneza yako. Na soda iache, chupa moja ya mililita 300 inaweza kubeba gramu 30 za sukari. Dafu lipo.

Usiondoke hapa ukidhani nimekuhalalishia baga ya kila siku. Hii bado ni baga. Wale wa shirika la utafiti wa saratani, World Cancer Research Fund, wanashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki nzima. Baga moja ya Ijumaa inaingia humo vizuri. Baga ya Ijumaa, mishkaki ya Jumamosi, biriani ya mbuzi ya Jumapili kwa wakwe zako na supu ya Jumatatu haziingii, hata ukizibana vipi. Utachagua mwenyewe. Mimi nilipoteza mishkaki, na siku nyingine wiki nzima ni samaki na kunde, na kwa mtu aliyezaliwa hapa samaki si adhabu.

Sasa lile jambo la chuma. Mfunguo Mosi ulikuja ukaazima kile chuma changu kizito cha chapati, kile kilichokuwa cha bibiyo, ukasema siku mbili. Hiki chepesi nilichobaki nacho kinapoa kila nikiweka kababu ya tatu, na rangi haiji sawa. Nyama nimekwisha kuagiza, pojo nimeziroweka, mtindi unaning'inia kwenye friji na mkaza mjombako ameulizia mara mbili ni nini kile. Ijumaa baada ya Alasiri nitakuwa jikoni. Njoo na chuma, na ukipita sokoni chukua ndimu, zangu zimebaki mbili.

Mjomba wako