Barua kwa mwanangu: saa 1,238 zilizobaki

Mwanangu Zawadi,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Leseni ya urubani wa kibiashara umeipata, logibuku yako, daftari la saa ulizoruka, ina saa 262, na unauliza kwa nini mashirika ya ndege ya mikoa hapa Marekani yanakutaka urudi ukiwa na 1,500, ilhali kijana wa Ulaya anakalia kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Airbus A320 akiwa na mia mbili na kitu. Machungu yako nimeyaona. Saa 1,238 si kitu kidogo kwa mtu wa miaka 22.

Hata hapa mambo hayakuwa hivi. Kabla ya 2013, mtu mwenye leseni kama yako na saa 250 aliruhusiwa kisheria kuwa rubani msaidizi kwenye ndege ya abiria. Kilichobadilisha sheria ni ajali ya Colgan Air 3407, tarehe 12 Februari 2009. Ilikuwa Dash 8 Q400, usiku, ikitoka Newark kwenda Buffalo. Walipokuwa wakijiandaa kutua, mwendo ulipungua mno na usukani ukaanza kutetemeka, kuwaonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Dawa yake unaijua: sukuma usukani mbele, pua ishuke, mwendo urudi. Nahodha alivuta. Wote 49 waliokuwa ndani walikufa, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini.

Familia za marehemu ziliibana Congress, bunge la Marekani, mpaka sheria ikapita mwaka 2010, na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikaanza kuitekeleza Julai 2013. Tangu hapo, msaidizi naye lazima awe na leseni ya juu, ile ya marubani wa mashirika, inayotaka saa 1,500. Lakini kuna jambo watu hawapendi kulitaja: nahodha yule alikuwa na saa zaidi ya 3,000, na msaidizi wake zaidi ya 2,000. Kwa hesabu ya leo wote wawili wangeajiriwa. Ndiyo maana naogopa ninaposikia ukisema unataka "kuzimaliza haraka".

Nikusimulie siku moja nilipokuwa mwalimu wa urubani, nikiwa na saa kama 600. Mwanafunzi wangu alikuwa mtu mzima, makini, mwenye mikono ya nguvu. Tulikuwa tunafanya zoezi la kupunguza mwendo mpaka bawa lichoke. King'ora kilipolia, alivuta usukani mpaka kifuani. Bawa la kushoto likaanguka, na dirisha lote likajaa mashamba. Nilimwambia ndege ni yangu, nikasukuma, nikakanyaga pedali ya kulia. Hakuachia. Nilipaza sauti mara ya pili ndipo mikono yake ikalegea. Hakuwa mjinga, mwanangu. Mwili wa binadamu ukiona ardhi inakuja unataka kuvuta, na kusoma kitabu hakuuondolei mwili tamaa hiyo. Mimi iliniondoka kwa kuwafundisha watu zoezi lile mara mamia, nikiona kila namna ambayo mtu anaweza kukosea. Miaka baadaye, nikiwa msaidizi kwenye ndege ya mkoa, usukani ulitetemeka ndani ya simuleta, mashine ya kuigiza urukaji, mkono wangu ukaenda mbele kabla sijafikiri.

Kwa hiyo nenda kafundishe. Kuna njia nyingine: kuvuta mabango, kupandisha watu wanaoruka kwa parachuti, kukagua mabomba ya mafuta. Zote zinahesabiwa, na sitakukataza. Ila kwa moyo wangu wote naona kufundisha ndiko kutakakokupa mkono ninaoutaka uwe nao.

Sasa safu za logibuku, maana hapo ndipo wengi hukwama. Mwalimu anayezunguka uwanja uleule anajaza jumla upesi, akifika 1,500 anagundua safu nyingine ni tupu. Unahitaji saa 100 za usiku, 75 za kuruka kwa vifaa, yaani kwa kutazama saa na mita za ndani bila kuona nje, na 50 za injini mbili. Za vifaa zitakusumbua: mwanafunzi akivaa kifuniko cha macho ili asione nje, saa hizo ni zake, si zako, mpaka muingie mawinguni kweli. Safari za mbali, yaani zaidi ya maili 50 za baharini kutoka mlikoanzia, zinatakiwa 500. Ukiwa na 200 utapewa leseni yenye masharti, inayotosha kuanza kazi ya usaidizi, lakini zile 500 zitakungoja kabla ya kuwa nahodha. Tafuta mwalimu mwenzako, mruke usiku kwenda mbali, wewe ukiwa umevaa kifuniko naye akiangalia nje, kisha mbadilishane. Safari moja inajaza safu tatu.

Waliosomea urubani chuo kikuu kwenye programu iliyoidhinishwa huruhusiwa kwa saa 1,000, na wa jeshi kwa 750. Wewe ulichagua uhandisi, na sijutii ada ile hata senti moja. Usikae kungoja namba ishuke. Mwaka 2022 shirika la Republic liliomba wahitimu wa chuo chake wakubaliwe kwa saa 750, na FAA ikakataa.

Kabla ya mtihani wa nadharia wa leseni ya juu kuna kozi ya lazima, saa 30 za darasani na 10 za simuleta. Usiilipie mapema. Liulize kwanza shirika litakalokuajiri kama linagharamia.

Na usiandike hata dakika moja ambayo hukuruka. Najua utaona wenzako wakifanya hivyo.

Jumapili nitumie picha ya ukurasa wa mwisho wa logibuku, wenye majumlisho ya kila safu. Nataka tuanze na safu ya usiku, kwa sababu majira haya giza linaingia mapema na ndege za shule zinakaa bure jioni.

Mama yako