Malalamiko: siti ya dereva na vile mnavyopakia trela (mara ya tatu naandika)

Kwa Meneja wa Uchukuzi,
Yadi ya Shimanzi, Mombasa.

Salaam aleikum bosi. Kwanza niseme hii barua siandiki kwa hasira, hasira ilikuepo Jumanne usiku na imeshapoa, lakini mambo yenyewe bado yako vilevile. Mara mbili nshaandika kwenye kile kitabu cha ubovu wa magari pale ofisini, mara zote mbili karani akapiga muhuri akaniambia "sawa dere, tumeona". Mumeona nini sasa? Siti haijaguswa.

Nianze na hio siti. Ule mkono wa chini wa kusongeza siti mbele na nyuma haushiki. Zamani ukiinua unasonga, ukiachilia unasikia "kak", basi meno yameingia. Sai meno ya upande wa kulia yameliwa, na dawa aliyotia fundi wenu ni waya, wallahi si utani, waya mwembamba ule wa kutengenezea banda la kuku, akauzungusha mara nne akaniambia utashika mpaka spea ije. Spea hii yatoka wapi jamani, manake tunaingoja tangu kabla ya Ramadhani.

Na kile kichwa, yani lile gari la mbele linalovuta trela, hatuendeshi mtu mmoja. Mwenzangu wa zamu nyingine ni pande la mtu, kilo mia na kitu, miguu hiyo mirefu, mie mfupi kilo 64 nikiwa nimeshiba. Akishuka yeye siti iko nyuma kabisa na upepo wa chini ya siti umejazwa kwa uzito wake, nikikalia mie kila shimo la Jomvu lanirusha kichwa kinagonga juu. Lazima nisongeze mbele, lazima nipunguze upepo. Siti ikiwa sawa mgongo wote umeegemea, klachi ukiikanyaga hadi mwisho goti bado limekunjika kidogo, mkono ukiunyoosha kifundo chakaa juu ya stelingi na bega halijaachana na siti, hapo ndo sasa unapanga vioo. Ukianza na vioo halafu siti umefanya kazi ya bure, kila kitu chahama tena. Hio ni dakika mbili tu kama siti yenyewe yasikia. Karani wenu nlipomwambia alicheka, ati "kwani wataka kulala, siti ni mambo ya starehe". Nlinyamaza kwa heshima ya ofisi.

Sasa Jumanne. Tumetoka godauni saa mbili usiku, mie na tanboi, yani utingo wangu, tukapanda Changamwe, tukapita Miritini, na tangu Changamwe nilikua nahisi stelingi nyepesi, yani waizungusha kama ya kigari cha probox, gari la namna ile lililopakia halitakiwi kuwa hivo. Hilo narudi kwalo. Tukafika ule mlima wa kuingia Mazeras, magari yamefuatana, nyuma yangu matatu imenikaba hata taa zake sizioni kwenye kioo. Nashusha gia, nakanyaga klachi, siti ikarudi nyuma. Ule waya nilisikia ukikatika. Nikabaki nimeng'ang'ania stelingi kwa mikono yote miwili, mguu hewani, klachi siifikii, breki siifikii, gia haijaingia, lori likasimama halafu likaanza kurudi pole pole. Aliyetuokoa ni tanboi, kijana munayemlipa kwa siku, akaruka juu ya gia akavuta hendibreki. Tulikua tumesharudi kama hatua mbili. Yule wa matatu alishuka akaja na matusi yote ya Pwani na Bara, na nikamuomba msamaha manake alikua na haki, ana abiria ndani.

Tukachukua kipande cha mbao tukakisukumiza nyuma ya siti, tukafunga na kamba ya turubai, nikaenda kwa gia ndogo mpaka Mariakani. Najua sikutakiwa kuendelea na gari katika hali ile, kosa hilo nalikubali, lakini pale mlimani hakuna pa kuliweka lori usiku na nyie simu ya zamu mulikua hamushiki. Nilipiga mara saba.

Mariakani kwenye mizani ndo nikajua ile stelingi nyepesi ilitoka wapi. Ekseli ya mbele, yani kile chuma kinachobeba magurudumu, tani 6.3, ekseli mbili za nyuma za kichwa tani 12.6, ekseli tatu za trela tani 25.9. Jumla tani 44.8, na gari la ekseli sita laruhusiwa tani 50, kwa hivo ukiangalia jumla tu waona tuko salama hata tumebakisha. Lakini sheria ya Afrika Mashariki ya 2013 haiangalii jumla peke yake, yaangalia kila kundi la ekseli, mbele 8, kichwa 18, trela 24, na hata ukipewa ile asilimia 5 ya huruma trela inafika tani 25.2. Tumezidi nyuma huku mbele kuko kutupu! Nikaambiwa weka kando, panga mzigo upya, bila hivo huondoki.

Na ni kwa nini mzigo ulikaa nyuma? Nilikuepo nikiona na nlimwambia supavaiza. Mzigo wa Voi ulikua unashuka kwanza, na wa Voi ndo ule wa tailsi, paleti kwa paleti, na misumari. Wa Nairobi ulikua matangi ya maji ya plastiki na viti vya plastiki. Basi supavaiza akaona njia rahisi, matangi na viti akaviweka mbele, tailsi zote akazisukuma mkiani ili Voi wasihangaike kushusha. Nlimwambia kaka, hivi uzito wote utakalia magurudumu ya nyuma na kichwa kitakua chepesi, mlimani hakitashika na kwenye mvua hakikati kona. Tailsi ziegemee ukuta wa mbele wa trela zije mpaka katikati, chini kabisa, matangi yakae juu na nyuma, Voi wakishusha watoe matangi wayarudishe, ni nusu saa. Akanijibu "wewe dereva, endesha". Sawa, nikaendesha.

Na belti za kufungia mzigo. Trela ile yatakiwa belti nane kwa mzigo kama ule, nlipewa nne na moja reketi yake, kile chuma cha kukazia, haikazi, unavuta inarudi. Makadibodi ya kuweka kwenye pembe za paleti belti isikatike hakuna, nafasi kati ya paleti na paleti ziko wazi ungepitisha mkono. Mie nna desturi ya kusimama baada ya kama kilomita thelathini nikaze upya, kwa sababu mzigo ukitikisika unakaa na belti inalegea, wazee walonifunza hii kazi walinipiga makofi kwa hilo. Pale mizani nlikuta belti mbili nazitikisa kwa kidole. Fikiria paleti ya tailsi ikiteleza hapo Mazeras siku ile lori linarudi nyuma.

Usiku huo nikatafuta makuli sita, nikawalipa mia saba kila mmoja, maji na chai mia tatu, jumla 4,500 kwa M-Pesa yangu na ujumbe ninao. Foklifti hakuna pale, kwa hivo ni boksi moja moja kwa mkono, kutoka saa nne usiku mpaka alfajiri. Tulipopima tena trela ikasoma 21.4 na tukaachiliwa. Nimerudi Mombasa nakuta nimekatwa 3,000, imeandikwa "kuchelewesha mzigo". Hapo ndo roho iliniuma, yani mumenifunga waya kwenye siti, mumenipakia mkia mzito, nimelipa kwa mfuko wangu, halafu nimelipa tena. Mdogo wangu anajua mambo ya sheria kidogo, anasema Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu mwajiri kukata mshahara hivi hivi, hasara mpaka iwe mfanyakazi ameitia kwa makusudi. Mie makusudi yangu yalikua yepi?

Ninachotaka ni hiki bosi. Zile 3,000 zirudi na 4,500 nilipwe, jumla 7,500, mwezi huu. Siti ibadilishwe reli na meno, si kuchomelewa, kuchomelewa tutashindwa kusongeza mmoja wetu na tutarudi palepale. Pia mkanda wa siti ile hauvuti, angalieni wakati mumeitoa. Belti nane zenye reketi nzima ziandikwe kwenye jina la gari sio ziazimwe azimwe kati ya trela tatu. Na supavaiza wa godauni apewe karatasi ya uzito wa kila mzigo kabla ya kupakia, na dereva asaini baada ya kuona ulivyopangwa, dereva akisema hapana iwe ni hapana. Hata ofisi ingefaidika, siku ile tulipochelewa Mariakani mteja wa Voi alikua anawapigia nyie.

Tanboi naye mumuangalie. Sitaki niseme mengi, lakini bila mkono wake hii barua ingeandikwa na mtu mwingine kwa sababu nyingine.

Kichwa nimekiacha yadi karibu na pampu, ufunguo uko kwa soja wa geti na nimeandika kwenye kitabu kwamba gari halitoki. Safari ya Alhamisi nimemwambia mwenzangu na yeye hataki kukalia ile mbao. Mukinipa kichwa kingine niko tayari kuondoka hata leo usiku. Namba yangu munayo.

Dereva wenu wa mwaka wa sita