Kwa mdogo wangu mchora piko, kuhusu bei

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Nimeambiwa bibi harusi wa juzi alikukata nusu ya hela kwa hoja kwamba "piko yenyewe wiki mbili haipo." Nawe ukapokea, ukanyamaza. Nakujibia hapa hadharani, maana wachoraji wengi huambiwa hivyohivyo.

Historia ya sanaa imejaa mawe na shaba kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyobaki. Ila kazi nzuri si zile zilizobaki tu. Januari 1494 theluji ilianguka kwa wingi Florence, Italia, na mtawala wa mji, Piero de' Medici, akamwita mchongaji Michelangelo, kijana wa miaka 18, amtengenezee sanamu ya theluji uani. Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, aliandika kwamba ilikuwa nzuri mno, ingawa yeye hata kuzaliwa alikuwa bado.

Lakini wanaonivutia zaidi ni Waigbo wa upande wa Owerri, Nigeria. Zamani Ala, mungu wao wa ardhi, akidai nyumba, mji uliteua watu wakae ndani ya uzio, mbali na macho ya wenzao. Walitwanga udongo wa kichuguu, wakafinyanga Ala mwenyewe, wanyama, majirani, hata afisa wa kikoloni. Kazi ilichukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Siku uzio unapovunjwa, watu walimiminika kuitazama mbari, ndivyo walivyoiita nyumba hiyo, na kusherehekea. Baada ya hapo hakuna aliyeziba ufa wala kuezeka upya. Mvua ikaachiwa zake. Ala akidai tena, inajengwa nyingine, kwa sababu sadaka ilikuwa ule ujenzi. Baadaye zikaja mbari za saruji. Hizo zinadumu, sawa, ila mimi naona kilichobaki pale ni nyumba tu.

Utaniuliza: na hela je? Haya, tuzungumze hela. Mwaka 1995 wasanii Christo na mkewe Jeanne-Claude walilifunika Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani jijini Berlin, lote, kwa kitambaa cha mita za mraba zaidi ya 100,000. Waliliwazia jambo hilo tangu miaka ya 1970, wanasiasa wakiwakatalia. Kitambaa kilikaa siku 14 tu, na watu wapatao milioni 5 walikwenda kuona. Gharama walilipa wenyewe kwa kuuza michoro ya maandalizi, wala hawakutaka wafadhili.

Kwa hiyo nunua daftari zuri, kila ua unalobuni lichore humo kabla halijaingia mkononi mwa mtu, na uweke tarehe. Mteja achague humo. Unacholipwa ni usiku mzima umeinama na mkono usiotikisika. Siku ngapi piko itakaa, hilo ni la sabuni yake na vyombo vyake.

Mfunguo mosi unakaribia na harusi zitafuatana. Bei iwe moja kwa wote, na arubuni ipokewe kabla hujafungua koni. Yule wa juzi ana wadogo zake wawili hawajaolewa, atarudi tu.