Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mashujaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazee wetu mliovaa medali zenu leo, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana mkoani Mara. Mwaka huu klabu yetu imemsoma Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia 1980 hadi 1988, aliyetutoka tarehe 29 Oktoba 2024 akiwa na miaka 104.

Sisi tumevutiwa zaidi na miaka yake kabla ya nyota begani. Alijiunga na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akapelekwa vitani Madagaska. Katika jeshi lile, kwa muda mrefu kamisheni, yaani cheo cha afisa, ilikuwa ya Wazungu. Alipanda ngazi za chini moja baada ya nyingine hadi kufikia efendi, cheo cha juu alichoweza kupewa Mwafrika wakati huo, na alipokuwa sajenti alipewa kazi ya kufunza askari. Mkufunzi humjua askari kwa undani: anachoka saa ngapi, anaogopa nini, anarudije mstarini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ujuzi huo ulidhihirika Lukaya, mji wa Uganda, katika Vita ya Kagera kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Baada ya jeshi letu kuuteka mji wa Masaka tarehe 24 Februari 1979, Divisheni ya 20 aliyoiongoza ilikabiliwa na barabara ya moja kwa moja ya kwenda Kampala, iliyopita juu ya tuta katikati ya kinamasi cha mafunjo. Kwenye tuta la namna hiyo gari haligeuki. La mbele likipigwa, msafara wote umefungwa, na anayeruka pembeni anazama matopeni.

Tarehe 10 Machi, Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiowahi kuonja vita, ilishambuliwa na majeshi ya Uganda na Libya kwa maroketi. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao bila kuua, lakini ngurumo na miali yake vilitosha kuwavunja, wakarudi nyuma mbio. Hapo kamanda asiyejua askari wake angeweza kuwarundika tena palepale. Musuguri aliigeuza Brigedi ya 208, iliyokuwa takribani kilomita 60 kaskazini magharibi, izunguke na kuikamata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi hiyo ilikuwa imefika. Ya 201 ikajipanga upya na kusonga kutokea mbele, na tuta lililokuwa mtego kwetu likawa mtego kwao.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na ndiyo inayosimuliwa kila mwaka. Kwa maoni yetu, vita iliamuliwa Lukaya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna ombi. Kijana wa mgambo aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 leo amevuka 65, na wengi wako vijijini humu. Tunaomba vinasa sauti viwili na ramani za mizani ya 1:50,000 za eneo la Kyaka na Mutukula, karibu na mpaka wa Uganda, ili kila mzee atuoneshe kwa kidole alipovukia Mto Kagera baada ya daraja kulipuliwa. Kuandika majina ya vilima na kuhifadhi kanda tutafanya wenyewe, kila Jumamosi.

Tunaomba kuwasilisha.