Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliye Tokyo

Mdogo wangu,

Nasikia kwa watu kwamba hujambo, kazi inaendelea na baridi umeshaizoea. Namshukuru Mungu. Huku mama anaendelea vizuri, sukari imeshuka, na watoto wanakutaja kila ndege ikipita kwenda kutua.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na hapa najua unasoma.

Ile video uliyotuma siku tunamzika baba. Umesimama Kabukicho, mtaa wa huko Tokyo, vidole viwili juu, na nyuma yako kichwa cha Godzilla, lile jitu la sinema za Kijapani, kimechomoza juu ya jengo la hoteli na sinema. Nimekuja kusoma baadaye kwamba kichwa hicho kina mita 12, kilizinduliwa mwaka 2015, na kwamba hunguruma kila saa kamili huku taa zikiwaka na moshi ukitoka, mara ya mwisho saa mbili usiku. Saa mbili usiku yenu ni saa nane mchana yetu. Saa nane ile jeneza la baba ndiyo kwanza limetolewa ndani, limewekwa juu ya stuli mbili chini ya turubai. Katekista amefungua kitabu. Baba mdogo, ambaye simu yake hajui kuizima sauti, akabonyeza aone mwanawe kaleta salamu gani kutoka Japani.

Mngurumo ukatoka. Wanawake waliokuwa jikoni wakainuka. Mtoto akaangua kilio. Baba mdogo anahangaika, jasho linamtoka, anaigeuza simu, anaifunika kwa kofia, na lile dude linanguruma tena ndani ya kofia. Mama akauliza, "Ni nini hicho?" Hakuna aliyemjibu. Hadi leo hakuna aliyemjibu.

Najua ulimwahidi baba picha ya jitu hilo. Nilikuwepo, alicheka mpaka akakohoa, akasema basi na Wajapani nao wana Shing'weng'we wao. Lakini ahadi hiyo ungeitimiza alipokuwa wodini anaangalia dari. Angefurahi kuliko dawa zote walizompa.

Unakumbuka baba alivyokuwa akiisimulia hadithi hiyo ya Kisukuma? Shing'weng'we amemeza watu na mifugo yote, kabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Anazaliwa Masala Kulangwa, anakua, anamuua, anampasua tumbo, watu wanatoka wazima. Wewe ulipenda hapo kwenye kisu. Mimi nilipenda mbele kidogo, pale kisu kinapomkata sikio bibi kizee, na bibi anakuja juu wakati wenzake wanashangilia. Baba alikuwa akicheka sana hapo. Mimi sikuwahi kucheka. Sikio lilikuwa lake, na lilikuwa linauma, na Masala mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana akamtafutia dawa.

Na hilo dude lako hukulielewa. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kule Bikini, visiwa vya Pasifiki, majivu yakawaangukia wavuvi 23 wa meli ya jodari, Daigo Fukuryu Maru. Walirudi nyumbani ngozi zimeungua. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, mwendesha redio wa meli, akafa Septemba. Novemba ikatoka filamu ya kwanza ya Godzilla, na wa kwanza kupotea ndani yake ni mabaharia na wavuvi, ndugu zao wamejazana ofisini wanauliza nani kapona. Sisi wa Mwanza, tangu MV Bukoba ilipozama Mei 1996, nani wa kutueleza hali hiyo? Jitu hilo limetoka kwenye msiba wa wavuvi. Na wewe umelishwa na kusomeshwa kwa dagaa, umelala ukisubiri karabai za baba zirudi Kayenze alfajiri. Kati ya watu wote waliosimama chini ya kile kichwa usiku ule, wewe ndiye uliyepaswa kukielewa.

Meli yenyewe ipo hapohapo Tokyo, ya mbao, imehifadhiwa Yumenoshima. Nenda kaione. Nenda peke yako, simu iache mfukoni.

Jambo jingine, usikope tena kwa wale jamaa zako. Nilikuambia hivyohivyo ulipotaka kukopa nauli ya kuja kuzika, na najua umewaambia watu kwamba dada alikukataza msiba wa baba yako. Nilikukataza deni. Nani angelilipa? Mimi, kwa meza yangu ya soko la Mwaloni, kama nilivyolipa la viza. Mwili usingesubiri, mama alikuwa hali chakula, na mtu mmoja ilibidi aamue. Na ile salamu yako iliyokuja jioni sikuisoma, kwa sababu watu walikuwa bado wanaizungumzia video, na wangeinuka wakaondoka. Nilikulinda wewe.

Kaburi tunajengea Desemba, ukoo wote utakuwepo. Saruji na vigae nimeshanunua, usitume hela. Mpigie mama. Asubuhi ndiyo nzuri, kabla hajatoka kwenda kwenye jumuiya. Atakuuliza ile sauti ilikuwa nini. Umjibu wewe mwenyewe, taratibu, umweleze na ile ahadi. Kisha nipigie mimi. Nitapokea.

Dada yako.