YAH: MALALAMIKO KUHUSU SIMU ZA KAIOS ZENYE ALAMA YA WHATSAPP KWENYE BOKSI

Duka la Simu,
Mwanga, Kigoma.

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi nauza simu zenu rejareja hapa Mwanga. Mzigo wa mwisho mlionipa ni simu za batani zinazotumia mfumo wa KaiOS, na kila boksi lina alama ya WhatsApp. WhatsApp ilishaondolewa kwenye duka la programu la KaiOS tangu Juni 2024, na mwanzoni mwa 2025 hata waliokuwa nayo ikawagomea. Boksi bado linaahidi.

Wanaonirudia ni akina mama wanaonunua dagaa mwaloni Kibirizi. Walitaka simu inayokaa na chaji, isiyo na kioo cha kupasuka, inayobonyezeka hata kwa vidole vyenye maji, na bado iweze kumtumia mnunuzi wa Tabora au Dar picha ya mzigo kabla haujapakiwa. Kwa picha hiyo ndiyo waliongeza hela. Kupiga na kutuma pesa, kitochi cha kawaida kinatosha.

Kijana wenu wa huduma kwa wateja alinijibu kwamba huo ni uamuzi wa WhatsApp, ninyi hamhusiki. Sawa, lakini KaiOS aliichagua nani? Mfumo wa simu unaishi kwa programu, na watengeneza programu wanafuata walipo watu wengi, yaani Android na iPhone. KaiOS haifungui programu za Android. Tena imezaliwa kutokana na Firefox OS, mfumo wa simu ambao Mozilla, waliouanzisha wenyewe, waliutupa mkono kwenye simu. Nokia, pamoja na jina lake lote, ilihamia Windows Phone, mfumo wa Microsoft, mwaka 2011. Kufika mwisho wa 2019 WhatsApp ikazihama simu za Windows Phone pia. Hayo yalitokea mbele ya macho ya kila mwenye biashara hii.

Siichukii KaiOS. Kwa chaji, hizi Android za bei chee haziioni ndani. Ila Android Go ipo, yaani Android nyepesi iliyotengenezwa kwa simu zenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ndogo, na mngeweza kuichagua. Mkiona ni ghali, basi futeni alama kwenye boksi mteja ajue anachonunua.

Naomba mchukue simu zilizobaki dukani kwangu mnirudishie fedha zangu. Mteja mwenye risiti apewe simu ya Android, na tofauti ya bei mbebe ninyi, au arudishiwe hela yake yote. Na boksi jipya liandike kwa Kiswahili mfumo uliomo na programu zisizofanya kazi.

Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitaipeleka barua hii Tume ya Ushindani, pamoja na boksi moja.

Wako katika biashara,

(Sahihi)
Muuza simu, Mwanga